Singo ya Amira na Kompyuta ya Mama Hiral

Mwaka 2003, pale Kariakoo, katika mtaa wa Narung'ombe, palikuwa na duka dogo la kupiga video. Juu ya mlango paliandikwa "Shobhana Video". Duka lenyewe lilikuwa jembamba. Wakiingia wateja watatu, wa nne alisubiri nje pamoja na mikokoteni ya viazi.

Wenye duka walikuwa Bwana Ghanshyam na mkewe Shobhana. Waliishi ghorofa ya kwanza, juu ya duka lao, pamoja na binti yao Hiral. Kila asubuhi Shobhana aliwasha udi mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wao wa neema, akafagia baraza, kisha akaagiza chai. Majirani walimwita Mama Hiral. Wazazi wake walikuwa na duka la nguo Lindi, na yeye alizaliwa huko huko. Akikasirika, Kiswahili chake chote kilirudi Lindi.

Kazi waligawana. Ghanshyam alipiga harusi za ukumbini. Shobhana alipiga sherehe za wanawake, hasa singo.

Singo ni sherehe ya wanawake watupu. Bibi harusi husingwa kwa liwa na manukato. Kungwi humfunda mambo ya ndoa. Halafu watu hucheza, na hawachezi kama watu walio mbele ya shehe. Kwa hiyo mwanamume haingii kabisa.

Shobhana alilijua jambo hilo na alilisimamia vikali. Kabla ya kuwasha kamera, alisimama mlangoni na kukagua. Muuza barafu aliiacha barafu yake nje. Siku moja alimzuia hata mtoto wa miaka saba aliyemfuata mama yake. Mtoto alilia, akapewa soda, akakaa barazani na soda yake mpaka mwisho.

Kwa sababu hiyo wanawake walimwamini. Walisema, "Apige Mama Hiral. Kwa Mama Hiral hakitoki kitu."

Na kweli, zamani hakikutoka kitu. Mkanda ulikuwa mmoja. Sherehe ikiisha, Shobhana aliutoa kwenye kamera na kumkabidhi mama wa bibi harusi mkononi. Kazi imekwisha.

Halafu milango ya biashara na nje ilizidi kufunguliwa. Bidhaa zikaanza kumiminika Kariakoo kutoka Dubai na kwingineko. Mwaka 2002 Ghanshyam alinunua kompyuta. Hiral alisoma kozi ya miezi mitatu, akawa mtaalamu wa duka. Alikata vipande vibaya, akaweka majina, akaweka maua. Maua yalikuwa mengi mno, lakini wateja waliyapenda. Mwisho alichoma sidii, na mteja akaondoka nayo.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelifikiria. Mkanda ulipoondoka dukani, picha ziliondoka nao. Sidii ilipoondoka, picha zilibaki ndani ya kompyuta.

*

Jumapili moja Shobhana alipiga singo ya Amira.

Amira alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alimsaidia mama yake, Bi Kijakazi, kuuza vitenge mtaa wa Kongo. Nao walikuwa watu wa Lindi, kwa hiyo Mama Hiral aliwaona kama ndugu. Amira alikuwa mpole. Hata wateja wakibishana naye, sauti yake haikupanda. Lakini siku ile, kungwi alipopiga ngoma, Amira alicheza. Aliinamisha shingo upande, akazunguka polepole, na chumba kizima kikapiga vigelegele.

"Tazameni shingo hiyo!" kungwi alipaza sauti. "Kuanzia leo wewe ni Bibi Tausi!"

Wanawake walicheka mpaka machozi. Jina lile lilizaliwa mle chumbani, na lilitakiwa libaki mle mle.

Jumatatu Hiral alizikata picha, akachoma sidii moja, akamkabidhi Bi Kijakazi. Kesho yake, Jumanne, alibonyeza kitufe cha kompyuta. Haikuwaka. Alibonyeza tena. Kimya.

"Baba, imekufa," alisema.

"Haiwezi kufa," alisema Ghanshyam. "Haijamaliza hata mwaka mmoja na nusu."

"Basi iambie wewe."

Ghanshyam aliipiga kofi ubavuni, kama alivyozoea kuipiga redio yake. Haikusaidia. Jumamosi kulikuwa na harusi kubwa, na kazi tatu zilikuwa hazijaisha. Akaikumbatia kompyuta, akavuka mitaa mitatu kwa miguu, mpaka kwa fundi Nassibu.

Nassibu alikuwa fundi mzuri. Hilo niliseme mapema. Alifanya kazi kwenye korido ya ghorofa moja, pamoja na mafundi wengine watano. Kila mtu alikuwa na meza yake, na meza zote zilijaa nyaya na skrubu.

"Mzee Ghanshyam, hapa umeme umeua kitu," alisema Nassibu baada ya kuifungua. "Na diski yenyewe inakoroma. Niachie siku mbili. Nitabadilisha, nitapiga Windows upya."

"Vitu vyangu vya ndani?"

"Usijali. Nitavihamishia kwenye diski yangu kwanza, halafu nitakurudishia. Kuna neno la siri?"

"Lipo. Hiral amelibandika hapo juu ili tusisahau."

Nassibu aliangalia. Kweli, karatasi ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya plastiki ubavuni mwa kompyuta. Imeandikwa "shobhana". Lilikuwa jina lile lile lililoandikwa juu ya mlango wa duka.

Alhamisi kompyuta ilirudi. Iliwaka vizuri. Ghanshyam alifurahi, akamsifu Nassibu kwa kila mteja aliyeingia. Hakuna aliyeuliza ile diski ya Nassibu ilibaki na nini.

*

Jumatano ya wiki iliyofuata, Amira alikuwa akipanga vitenge mbele ya kibanda chao. Mchukuzi mmoja alipita na mzigo wa mabeseni kichwani. Alimtazama, akatabasamu.

"Mambo, Bibi Tausi!" alisema. "Hebu shingo upande kidogo!"

Akainamisha shingo yake mwenyewe, mabeseni na yote, akaenda zake akicheka.

Amira alibaki na kitenge mkononi. Hakumjua mtu yule. Jina lile lilisemwa ndani ya chumba kilichofungwa, mbele ya wanawake. Huyu mwanamume amelipata wapi?

Jioni hiyo hiyo dada yake Bi Kijakazi alikuja kutoka Buguruni akihema. Katika banda moja la video kulikuwa na vijana wamejazana. Alichungulia kwa kuwa alisikia sauti anayoijua. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, anapiga vigelegele.

Amira alijifunika khanga kichwani. Harusi ilikuwa imebaki siku kumi.

"Mimi siolewi," alisema. "Nitapita wapi mimi? Kila mwanamume wa Kariakoo ananiona vile."

Mama yake alimbembeleza mpaka usiku, wapi. Asubuhi Amira hakwenda kibandani. Alikataa hata kufungua dirisha.

*

Bi Kijakazi aliingia "Shobhana Video" saa tatu asubuhi. Hakusalimia.

"Shikamoo, mama," alisema Hiral.

"Usiniamkie! Mmemuuza mwanangu!"

Shobhana aliacha kikombe chake cha chai. "Bi Kijakazi, nani amemuuza nani?"

"Wewe! Uliyesimama mlangoni ukazuia muuza barafu! Kumbe wanaume unawauzia kwa sidii! Mwanangu anaonyeshwa Buguruni kama sinema!"

Alisimulia yote, kwa sauti kubwa, hata wauza viazi wakaacha kuita wateja. Shobhana alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulibadilika rangi.

"Wallahi ya kwenu na miungu ya kwetu," alisema, "sikumpa mtu. Nikupigie magoti? Sidii moja tu, Hiral alikupa mkononi."

"Basi ilitoka yenyewe? Ina miguu?"

Hapo mlangoni alikuwa amesimama mpangaji wa ghorofa ya pili, Selina. Alikuja kuchukua picha zake za pasipoti, maana duka lilipiga na picha za kawaida, kabla ya kwenda kazini. Selina alitoka Masasi. Alifanya kazi eneo la Posta, katika ofisi moja ya bima, kwenye kitengo cha sheria. Kazi yake ilikuwa kuangalia kwamba siri za wateja hazitoki nje. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini akiuliza swali, lilikuwa swali.

"Samahanini," alisema. "Mama Hiral, tangu siku ya singo, kompyuta hii imewahi kutoka humu ndani?"

Shobhana alimtazama mumewe. Hiral alimtazama baba yake. Ghanshyam alivuta kigoda, akakaa taratibu.

"Ilikwenda kwa fundi," alisema. "Siku mbili."

"Na picha zikiwa ndani?"

"Zikiwa ndani."

"Na neno la siri?"

Ghanshyam alinyoosha kidole kwenye ile karatasi. Bado ilikuwa imebandikwa pale pale.

Bi Kijakazi hakujua kompyuta, lakini hili alilielewa haraka kuliko wote. "Yaani mtoto wa miaka saba mlimzuia mlangoni," alisema polepole, "halafu singo nzima mkampelekea fundi mwanamume, akae nayo siku mbili?"

Shobhana aliziba mdomo kwa ncha ya sari yake. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akilinda mlango wa mbao. Hakujua kwamba kompyuta nayo ni mlango. Alilia mbele ya watu wote, na sioni haya kulisema, kwa kuwa alikuwa na sababu.

*

Selina alipiga simu kazini, akaomba achelewe. Kisha alikaa kwenye benchi la wateja.

"Bwana Ghanshyam, nikikuachia saa yangu uitengeneze, saa ni ya nani?"

"Yako."

"Basi na picha ya mteja ni hivyo hivyo. Umekabidhiwa tu. Jina lake, namba yake ya simu, sura yake, sauti yake, vyote ni vyake. Wewe unavitumia kwa kazi aliyokutuma tu. Kazi ikiisha, huna sababu ya kuendelea kuvikalia."

"Lakini mimi sikuiba," alisema Ghanshyam.

"Hujaiba. Ila umeacha wazi. Mtu akikuwekea amana, halafu ukaiacha barabarani, huwezi kusema ni kosa la mwizi peke yake."

"Sheria inasemaje?" aliuliza Bi Kijakazi. "Au sheria ni ya wakubwa tu?"

"Sheria za kompyuta kwetu bado ni changa, dada, sitakudanganya. Lakini hatuko mikono mitupu. Katiba yetu, Ibara ya kumi na sita, inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kulindwa, yeye na maisha yake ya ndani na familia yake. Amira ni kila mtu. Halafu kuna sheria ya hakimiliki. Anayenakili video ya mwingine na kuiuza bila ruhusa ana kosa. Huyo tunaweza kumpeleka polisi leo."

"Basi twendeni polisi," alisema Ghanshyam, akisimama upesi.

"Tutakwenda. Lakini niambie kwanza. Mle ndani ilikuwa singo ya Amira tu?"

Hiral alijibu kwa sauti ndogo. "Singo kumi na moja."

"Basi familia kumi na moja lazima ziambiwe. Leo, si kesho."

Ghanshyam alishika kichwa. "Dada Selina, tukisema tumejimaliza! Wengine hawajui lolote. Huenda zao hazikuguswa. Kwa nini tujikaange kwa mafuta yetu wenyewe?"

"Kwa sababu wakijua leo, wanaweza kujilinda. Wakijua mwezi ujao, kwa mdomo wa mchukuzi, hawatakusamehe. Pale kwetu ofisini tuna kanuni hiyo. Siri ya mteja ikivuja, wa kwanza kumwambia ni sisi."

Ghanshyam alifungua mdomo tena, lakini Shobhana alimkatiza.

"Wewe ulizunguka na watu wa ukumbini," alimwambia mumewe. "Mimi niliingia vyumbani mwao. Walivua vitambaa vyao mbele yangu. Nitawaambia mimi, mmoja mmoja. Duka likifa, lifie mikononi mwangu."

Kisha akamgeukia Bi Kijakazi. "Naanza na wewe. Kosa ni langu. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, bado nitakwenda na wewe kila mahali mpaka tuzipate hizo sidii."

Bi Kijakazi hakusema amesamehe. Alisema, "Vaa viatu. Twende."

*

Walikwenda wote kwenye korido ya mafundi. Nassibu alipoelezwa, aliacha kazi, akavuta droo ya meza yake. Diski yake ilikuwemo.

"Mimi niliihifadhi kwa usalama tu," alisema. "Kazi ikiharibika, mteja asipoteze vitu. Nilisahau kufuta. Naapa sijafungua hata moja."

"Kuna mtu aliiazima?" aliuliza Selina.

Nassibu aligeuza macho kuelekea meza ya nne. Fundi wa meza ile alikuwa akichoma sidii za nyimbo. Wiki iliyopita aliiomba diski ili achukue nyimbo. Leo meza ilikuwa tupu.

"Amehamia Buguruni," alisema Nassibu. "Mama, nina dada zangu watatu. Nitakwenda nanyi polisi, nitasema mwenyewe."

Na alikwenda. Aliandika maelezo kurasa mbili. Siku ya pili polisi walimkamata yule jamaa wa meza ya nne, akiwa na sidii thelathini na moja ndani ya boksi la viatu. Zote zilikuwa za singo ya Amira. Singo nyingine kumi hakuwahi kuzigusa. Mwenye banda la video alitoa yake mwenyewe, akidai hakujua. Hatimaye jamaa yule alifikishwa mahakamani, akahukumiwa. Sidii mbili alizokiri kuziuza hazijaonekana mpaka leo. Natamani niseme zote zilipatikana, lakini si kweli. Kitu kikishavuja, hakirudi chote.

Wakati huo Shobhana alikuwa akizunguka na anwani zake. Ilala, Magomeni, Temeke, Buguruni. Kila mlango alisema maneno yale yale: nini kimetokea, picha zipi zilikuwemo, nini wanafanya sasa. Mama mmoja alimfukuza. Mwingine alimkaribisha chai. Wengi waliuliza maswali.

Mlango uliomtisha zaidi ulikuwa wa mwisho. Ulikuwa nyumbani kwa bwana harusi, Uwesu, ambaye alikuwa fundi magari Ilala. Shobhana alikwenda na Bi Kijakazi. Aliyewapokea alikuwa shangazi yake Uwesu, mama mnene mwenye amri. Watu walisema ndiye mwenye kauli ya mwisho katika ukoo ule.

"Nimekuja kusema jambo," alisema Shobhana. "Amira hana kosa. Kosa ni la duka langu." Akaeleza yote.

Shangazi alisikiliza bila kupepesa macho.

"Mama Hiral," alisema mwisho, "unanikumbuka mimi?"

"Nakukumbuka. Ulikuwepo kwenye singo."

"Nilikuwepo! Nilicheza kuliko bibi harusi! Na kiuno changu hiki cha miaka hamsini na tisa kimeonekana Buguruni nzima!" Alipiga paja lake. "Nimekasirika, tena sana. Lakini nimkasirikie Amira kwa lipi? Mtu akiibiwa, tunamfukuza aliyeibiwa? Uwesu anajua. Nimemwambia mwenyewe jana. Amesema harusi iko pale pale."

Bi Kijakazi alianza kulia. Shangazi akamwangalia.

"Wewe usilie. Mwambie mwanangu Amira afungue dirisha."

*

Harusi ilifanyika siku iliyopangwa. Shobhana hakualikwa kupiga picha, na hakutegemea. Alipeleka sufuria la pilau ya mboga, akarudi dukani.

Duka lilidorora miezi miwili. Ghanshyam alinung'unika kila jioni. Lakini walikuwa wakibadilisha mambo, na Selina alishuka kila Jumamosi kuangalia.

Karatasi ya neno la siri ilichanwa. Hiral alitunga neno jipya, refu, lenye herufi na namba, ambalo halikuwa jina la mtu wala la duka. Alilijua yeye na mama yake tu. Picha za wateja zilihamishwa kwenye diski ya kuchomoa, nayo ikawa inafungiwa kwenye kabati la chuma ambamo Shobhana aliweka dhahabu zake. Kompyuta ikiugua, inakwenda kwa fundi bila diski.

"Na hiyo televisheni?" aliuliza Selina Jumamosi moja.

Barazani kulikuwa na televisheni inayotazama mtaani. Ghanshyam aliweka harusi za wateja humo kutwa nzima, ili kuvutia wengine.

"Hizo ni harusi za ukumbini. Kila mtu aliona!"

"Waliona walioalikwa. Mtaa wa Narung'ombe haukualikwa. Uliwaomba wenyewe?"

Ghanshyam alikwenda kuizima, akiguna. Baadaye aliwaomba wateja wanne. Watatu walikubali kwa furaha, mmoja alikataa. Basi akaweka zile tatu, na kusema kweli alishangaa kwamba kuomba hakukumuua.

Mwisho Selina aliwasaidia kuandika mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi. Ulisema nani atapiga picha, nani atazikata, zitakaa dukani siku ngapi, na kwamba hazitaonyeshwa popote bila ruhusa ya mteja. Sentensi ya mwisho aliiandika Shobhana mwenyewe: "Siku ya kufuta, njoo ufute kwa mkono wako."

"Hiyo hata ofisini kwetu hatuna," alisema Selina.

Nassibu naye alibadilika. Alibandika tangazo juu ya meza yake: "Leta kompyuta, acha diski nyumbani. Nikiihitaji, kaa hapa uone." Mafundi wenzake walimcheka mwezi mmoja. Mwezi wa pili watu wa maofisini wakaanza kupanga foleni kwake.

*

Miezi mitatu baada ya harusi, Amira aliingia dukani. Alikuwa amevaa baibui jipya. Shobhana alisimama upesi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Keti."

"Sikai. Shangazi amesema mmeandika kwamba mtu anaweza kufuta mwenyewe. Mimi sikutia sahihi karatasi yenu. Naruhusiwa?"

"Wewe ndiye wa kwanza," alisema Shobhana.

Hiral alifungua kabati, akatoa diski, akaichomeka. Kwenye kioo yakatokea majina ya faili. Moja liliandikwa "Amira". Hiral alilifungua kidogo, bila sauti, ili Amira ahakikishe. Alijiona akizunguka, shingo upande. Alitazama kwa muda.

"Nilicheza vizuri," alisema.

"Vizuri sana," alisema Hiral. "Sasa sikiliza. Kufuta kwa kawaida hakutoshi, fundi anaweza kulirudisha. Hii programu inaandika takataka juu yake mara tatu. Baada ya hapo halirudi. Bonyeza hapa."

Amira alinyoosha kidole. Akabonyeza. Mstari wa kijani ulitembea taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Wanawake watatu waliutazama mpaka ukafika mwisho. Jina la Amira lilikuwa halipo tena.

"Sasa imebaki wapi?" aliuliza.

"Hapa kwetu hakuna kitu. Iliyobaki ni ile sidii ya mama yako, na zile mbili zilizopotea. Polisi bado wanazo taarifa."

Amira aliitikia kwa kichwa. Aliwaaga, akatoka, akashika njia ya mtaa wa Kongo kwenda kufungua kibanda. Kabla ya mwisho wa mwezi ule, Bi Kijakazi alileta mteja wa kwanza wa singo kwa mkataba mpya. Alikuwa binti wa dada yake wa Buguruni.

*

Miaka imepita. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022. Mfanyabiashara anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, kuzitumia kwa kazi iliyokusudiwa, na kutoa taarifa zikivuja. Maduka mengi ya Kariakoo yalihangaika kutafuta wa kuwaandikia fomu. Hiral, ambaye sasa ndiye mwenye duka, alivuta faili la zamani kabatini na kuongeza ukurasa mmoja tu.

Mwaka 2025 mama mmoja aliingia na binti yake, anayetaka kupigiwa singo. Siku hizi simu zote huachwa mlangoni ndani ya kapu, na Mama Hiral, mwenye mvi tele, hukaa juu ya kiti akililinda kapu hilo kama polisi.

Binti alisoma mkataba mstari kwa mstari. Alikuwa na shingo ndefu.

"Mnasema mtafuta," alisema. "Nitajuaje kama mmefuta kweli?"

Hiral alitaka kujibu, lakini mama wa binti, Amira mwenyewe, alimtangulia.

"Utabonyeza mwenyewe, mwanangu," alisema. "Kama mimi."